Kutoa risasi na shaba kwenye maji ya karakana kwa masalia ya uyoga: mwongozo kamili

Tanga kuna vitu viwili vinavyokaa jirani bila kujuana. Cha kwanza ni maji machafu ya karakana ndogo: fundi betri anayesuuza pleti, fundi rejeta anayechomelea kwa lehemu ya risasi na bati, na yeyote anayeosha vyuma kwa tindikali kisha akamwaga mtaroni. Cha pili ni masalia ya uyoga mamama (oyster), yaani vikonyo vigumu visivyoliwa na mifuko ya kuoteshea iliyokwisha kuvunwa, ambayo wakulima wengi huitupa au kuitia shambani. Mkoa wa mkonge haukosi cha kuoteshea uyoga. Katika jani la mkonge singa ni kama asilimia 4 tu, sehemu kubwa ya kinachobaki ni maji na machujo yanayorundikwa nyuma ya korona (kinu cha kuchakata mkonge), na mamama huota vizuri sana juu ya machujo hayo.

Mwongozo huu ni wa kuvikutanisha hivyo viwili. Umeandikwa kwa fundi mwenye ndoo chache za maji machafu kwa wiki, mkulima wa uyoga mwenye masalia, na mwalimu wa kemia anayetafuta jaribio la maana kwa wanafunzi wake. Haukuandikwa kwa ajili ya maji ya kunywa. Kwa risasi, Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 0.01 kwa lita ya maji ya kunywa, na hakuna mtambo wa ndoo na bomba unaoweza kukuhakikishia hilo kila siku. Kinachosafishwa hapa ni maji yatakayomwagwa, ili yamwagwe yakiwa na madhara madogo zaidi.

Kinachofanya kazi ni ukuta wa seli

Uyoga ni aina ya kuvu, na wengi husikia "kuvu inasafisha maji" wakadhani kuna kiumbe hai kinachokula sumu. Kuvu tunayotumia imekufa, na ni heri iwe imekufa, maana haihitaji chakula, haidhuriki na risasi, na inavumilia maji makali. Ukuta wa seli za kuvu umejengwa kwa kaitini, ileile iliyomo kwenye ganda la kamba na kaa, pamoja na sukari ndefu zinazoitwa glukani na protini kidogo. Juu ya ukuta huo kuna vikundi vya kaboksili, fosfati na amini. Vikundi hivi hushika ayoni za chuma zenye chaji chanya, na mara nyingi huachia kalsiamu, magnesiamu au haidrojeni badala yake.

Kutokana na hapo mambo mawili yanafuata. La kwanza, maji yakiwa makali sana kwa tindikali, ayoni za haidrojeni hukalia nafasi zote na risasi haipati pa kukaa. Ndiyo maana pH, kipimo cha tindikali na besi (chini ya 7 ni tindikali, juu ya 7 ni besi), ndiyo bwana wa kazi hii kuliko aina ya uyoga ulionao. La pili, njia hii inafaa kwa chuma kilichoyeyuka chenye chaji chanya: risasi, shaba, kadimiamu, zinki, nikeli. Kromiamu ya sita, ile ya njano inayotumika kwenye kung'arisha vyuma, huelea majini ikiwa na chaji hasi na inataka masharti mengine kabisa. Aseniki nayo hivyohivyo. Na wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Handeni wasitegemee njia hii kwa zebaki ya kukamatia dhahabu. Ile ni matone ya chuma chenyewe, na dawa yake ni kuikamata kabla haijafika majini.

Kuhusu aina ya kuvu: mwaka 1981 Tsezos na Volesky wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walionyesha kwamba ukungu uitwao Rhizopus arrhizus unabeba zaidi ya miligramu 180 za urani kwa gramu moja. Tangu hapo zimejaribiwa kuvu nyingi, zikiwemo Aspergillus niger, Penicillium na hamira. Nakusihi usijaribu kukuza ukungu wako mwenyewe kwenye mahindi au makopa. Huwezi kwa macho kutofautisha ukungu mweusi usio na shari kubwa na ule unaotoa sumukuvu iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na vumbi la mbegu za ukungu si la kuvutwa puani. Mamama inajulikana, inapatikana, na kazi inaifanya.

Kuandaa malighafi

Chukua vikonyo vya mamama, vile vigumu vya chini vinavyokatwa wakati wa kufungasha. Kama havitoshi, chukua sehemu ya mfuko iliyojaa utando mweupe na kuacha ile iliyooza au yenye madoa ya kijani. Ya mfukoni haitakuwa kuvu tupu, kwani machujo ya mkonge yaliyobaki ndani nayo hushika chuma kiasi. Usijali usafi wa jina, jali uwe na malighafi ya namna moja. Ukichanganya vikonyo vya leo na mifuko ya mwezi uliopita, matokeo yatayumba na hutajua kwa nini.

Anika juani mpaka vivunjike kwa vidole. Saga kwenye kinu au mashine, lakini usifike kwenye unga. Unachotaka ni chenga za kati ya nusu milimita na milimita moja na nusu. Pitisha kwenye chekeche mbili, kubwa kwanza, kisha ndogo, na utumie kilichobaki katikati. Unga una uso mkubwa na hushika chuma haraka, ila ukiutia kwenye bomba unaziba kama saruji na maji hayapiti. Kwa jaribio la chupa unga unafaa. Kwa mtambo, chenga.

Osha chenga kwa maji ya mvua au ya bomba mpaka maji yatoke bila rangi. Maji ya visima vya karibu na pwani, yaliyopita kwenye mawe ya matumbawe, yana kalsiamu nyingi, na kalsiamu hiyo itagombania nafasi zilezile unazozitaka kwa risasi. Usiharakishe hatua hii. Rangi ya kahawia usiyoiondoa sasa itakuharibia vipimo baadaye.

Kuzipika kwa kostiki soda

Kuchemsha kuvu kwenye kostiki soda huondoa protini na mafuta yanayofunika ukuta, na kufichua kaitini na glukani. Kwa risasi, kadimiamu na shaba, tofauti kati ya chenga zilizopikwa na zisizopikwa mara nyingi ni kubwa. Sufuria iwe ya chuma kisichoshika kutu au ya enameli. Sufuria ya alumini, ambayo ndiyo iliyomo kwenye nyumba nyingi, usiiguse kwa kazi hii: kostiki soda huila alumini huku ikitoa gesi ya haidrojeni inayowaka.

Pima lita 1 ya maji ya baridi. Vaa glavu na miwani, kisha tia gramu 20 za kostiki soda kidogo kidogo huku unakoroga kwa mti. Daima soda ndiyo iingie kwenye maji, kamwe usimwage maji juu ya soda. Maji yatapata moto yenyewe. Tia gramu 40 za chenga, weka jikoni mahali penye hewa, na zikianza kuchemka hesabu dakika 15 hadi 20. Zitakuwa laini, maji yatakuwa rangi ya chai ya rangi, na harufu yake wanaotengeneza sabuni wataitambua. Ikikurukia kwenye ngozi, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake siki wala ndimu.

Ziache zipoe, chuja kwa kitambaa cha kaniki, halafu anza kuosha. Hapa ndipo uvivu huonekana. Chenga zimenyonya soda na zitaendelea kuitoa polepole, hivyo osha, loweka saa moja, mwaga, rudia, mpaka karatasi ya pH ionyeshe 7 hadi 8 kwenye maji ya kuloweka. Maji ya kwanza ya kupikia yapunguzwe ukali kwa tindikali kabla ya kumwagwa. Anika tena, hifadhi kwenye chombo kikavu. Uzito utakuwa umepungua sana kuliko ulioanza nao. Ni kawaida, zilizoondoka ni protini na mafuta.

Karatasi za pH nunua kwenye maduka ya vifaa vya maabara. Kuna watakaokuambia utumie choya, na kweli choya hubadilika rangi kati ya tindikali na besi, lakini haiwezi kukutofautishia 5 na 6, na tofauti hiyo ndiyo kazi yote.

Jaribu kwa mrututu kwanza

Kabla ya kugusa risasi, jifunze kwa shaba. Mrututu, zile fuwele za bluu wanazotumia wakulima, robo ya uzito wake ni shaba. Yeyusha gramu 4 katika lita 1 ya maji ya mvua. Chukua mililita 100 za hayo, ongeza maji safi yafike lita 1, na sasa una maji yenye takribani miligramu 100 za shaba kwa lita. Mizani ya sonara inafaa kwa kupimia.

Weka mililita 250 kwenye chupa nne. Kwa matone ya tindikali hafifu au ya magadi soda, ya kwanza ipeleke pH 3, ya pili pH 4, ya tatu na ya nne pH 5. Tia gramu 1 ya chenga kwenye tatu za mwanzo. Ya nne usitie kitu. Tikisa mara kwa mara kwa saa mbili, ukipima pH kila nusu saa, kwa sababu chenga zilizopikwa kwa soda hupandisha pH zenyewe na utalazimika kuirudisha.

Chupa ya nne watu wengi huiruka, na kwa maoni yangu ndiyo yenye thamani kuliko zote. pH ikipanda kupita 6 shaba huanza kuganda yenyewe na kuzama, iwe kuna kuvu au hakuna. Bila chupa tupu utaisifu kuvu kwa kazi iliyofanywa na magadi.

Kupima hakuhitaji mashine. Tengeneza maji ya kulinganishia ya miligramu 100, 50, 25 na 12 kwa lita kwa kugawanya nusu kwa nusu. Chukua mililita 5 za kila moja kwenye vichupa vinavyofanana, tia matone sawa ya amonia, na bluu hafifu itageuka bluu iliyokolea. Sampuli zako zichujwe, zitiwe amonia vilevile, zisimamishwe mbele ya karatasi nyeupe kando ya zile za kulinganishia. Kwa kawaida chupa ya pH 3 itabaki na bluu nyingi kuliko ya pH 5, na mwanafunzi aliyeiona kwa macho yake hatauliza tena pH ni ya nini.

Hesabu inayowaponza wengi

Kiasi kilichoshikwa kwa gramu ni tofauti ya ukolezi mara lita za maji, gawanya kwa gramu za kuvu. Ukianza na 100, ukabaki na 60, katika robo lita na gramu 1, umeshika miligramu 10 kwa gramu.

Tatizo ni kudhani kwamba namba hiyo inakwenda nawe popote. Uwezo unaosifiwa kwenye makala, kama ule wa urani hapo juu, ni wa juu kabisa, hupatikana maji yakiwa yamejaa chuma. Kuvu hushika kulingana na ukolezi uliobaki majini, si ule ulioanza nao. Tuseme kuvu yako ina uwezo wa juu wa miligramu 30 kwa gramu, na mvuto wake katika mlingano wa Langmuir, unaokadiria kiasi kinachoshikwa kwa kila ukolezi uliobaki majini, ni 0.05. Kwenye maji yaliyobaki na miligramu 100 kwa lita, kila gramu itabeba 25. Yaliyobaki na 5, itabeba 6. Yaliyobaki na 0.1, itabeba 0.15 tu.

Sasa una ndoo ya lita 20 yenye miligramu 5 za risasi kwa lita, na unataka ibaki 0.1. Ukitia kuvu yote ndooni na kukoroga, kila gramu itatulia ikiwa na 0.15, kwa hiyo utahitaji zaidi ya gramu 650 za kuvu kwa miligramu 98 za risasi. Hasara tupu. Lakini ukipitisha maji yaleyale kwenye bomba lililojazwa kuvu, kuvu ya mwanzoni inakutana na maji yenye 5 kila wakati na hubeba 6 kwa gramu, huku maji yanayotoka yakikutana na kuvu mpya. Hapo gramu 17 zinatosha kwenye karatasi. Weka mara mbili au tatu ya hizo kwa sababu bomba halisi halina adabu ya karatasi. Hii ndiyo sababu ya kujenga bomba badala ya kukoroga ndoo.

Kuandaa maji ya betri

Maji ya kusuuzia pleti hayawezi kupelekwa kwenye kuvu moja kwa moja. pH yake hukaribia 1, na sehemu kubwa ya risasi iliyomo ni tope la salfeti na oksidi. Salfeti ya risasi huyeyuka kidogo sana, takribani miligramu 40 kwa lita ya maji safi. Kwa hiyo kazi kubwa inafanywa na utulivu na chokaa. Kuvu inamalizia kilichobaki. Anayekuambia kuvu peke yake inatosha anakuuzia kitu.

Acha maji yatulie usiku mzima kwenye ndoo ya plastiki, kisha chota ya juu bila kutibua. Koroga chokaa iliyozimwa kwenye maji iwe kama uji mwepesi. Chokaa Tanga haina shida, tuna Amboni. Maji ya pH 1 yatakunywa kama gramu 4 hadi 6 za chokaa kwa lita. Mimina kidogo kidogo, koroga, pima, na simama ukifika 3. Ukiendelea na chokaa, pH itaruka ghafla mpaka 10 bila kukuaga, na ikivuka 11 risasi iliyokwisha kuganda huanza kuyeyuka upya. Kutoka 3 malizia kwa magadi soda, kijiko kidogo kwa kijiko, povu litulie kati ya kijiko na kijiko, mpaka ufike kati ya 5 na 5.5. Tope jeupe litazama: ni jasi pamoja na risasi. Acha usiku mwingine, chuja kwa kitambaa kisha kwa mchanga uliooshwa.

Hapa maji yanakuwa meupe pee, na ndipo subira ya fundi inapoisha. "Mwalimu, maji haya yashatakata, mwaga tu tuendelee na kazi," aliniambia mzee mmoja wa Ngamiani. Nikamwambia, "Mzee wangu, risasi iliyoyeyuka haina rangi wala harufu. Tuvute subira kidogo." Akacheka, akaenda kuleta bomba.

Kujenga bomba

Tafuta bomba la plastiki la inchi 2, urefu wa sentimita 70. Funga chini kwa kifuniko chenye tundu la mrija. Ndani weka kokoto ndogo zilizooshwa, juu yake mchanga wa mtoni, kisha kuvu. Mchanga wa baharini usitumie, una chumvi na vipande vya kombe vyenye kalsiamu. Kuvu iloweke saa kadhaa kabla ya kuijaza. Ukiijaza kavu itavimba ndani na kuziba, au ipasue kifuniko. Ijaze kama sentimita 50, ambayo ni takribani lita 1, ukigonga ubavu wa bomba ili hewa itoke. Juu weka kitambaa na mchanga kidogo wa kuishikilia.

Maji yaingie kwa chini na kutokea juu. Yakishuka kutoka juu hugandamiza kuvu na kujichimbia njia ya mkato, yakatoka kama yalivyoingia. Pandisha ndoo juu ya meza, unganisha mrija wenye kidhibiti kama ule wa dripu ya hospitali, na rekebisha mpaka upate lita 2 kwa saa. Hivyo maji hukaa nusu saa ndani ya bomba, na ndoo ya lita 20 huchukua saa 10. Lifungue jioni, likute kazi imekwisha asubuhi. Lita ya kwanza inayotoka irudishe ndooni.

Usiliache bomba lililojaa maji bila kutumika kwa siku nyingi. Kuvu iliyokufa ni chakula cha bakteria, na kwa joto letu itaanza kunuka mapema.

Kupima risasi

Kwa risasi hakuna ujanja wa nyumbani. Iodidi ya potasiamu inayotoa rangi ya njano shuleni haitaona miligramu chache kwa lita. Chukua sampuli ya maji yanayoingia na ya yanayotoka kwenye chupa mpya za plastiki, mwombe mtaalamu wa maabara azitie tindikali ya nitriki kidogo ili risasi isigande ukutani, kisha zipelekwe kwenye maabara yenye mashine ya kupima vyuma. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ni mahali pa kuanzia kuulizia. Uliza bei kabla, na peleka sampuli za maana: baada ya ndoo ya kwanza, na baada ya idadi ya ndoo ambayo hesabu yako inasema bomba limefika nusu. Kati ya vipimo, andika kwenye daftari lita zilizopita na pH yake. Ukipima maji yanayotoka na kukuta pH imeshuka chini ya 4, simamisha. Kuna mahali ulikosea kwenye chokaa, na maji makali yanaweza kuinyang'anya kuvu risasi uliyokwisha kuikamata.

Mzigo unaobaki mkononi

Risasi haijapotea, imehama. Sasa imo kwenye kuvu na kwenye tope jeupe, imekolea kuliko ilivyokuwa majini, na hatari kubwa ya mradi huu wote iko hapa. Masalia ya uyoga yamezoeleka kuwa mbolea au chakula cha kuku, na mtu asiyejua akiyaona yamekauka kwenye ndoo atayabeba. Paka ndoo hiyo rangi nyekundu, iandike SUMU, ifunike, iwekwe mbali na watoto. Usiyachome: moshi na majivu vitairudisha risasi kwenye pua yako. Usiyafukie karibu na kisima.

Kuvu inaweza kutumika tena. Ondoa maji bombani, pitisha lita 2 za tindikali ya haidrokloriki hafifu, mililita 8 za ile kali ya maabara kwa kila lita ya maji, taratibu, kisha suuza mpaka pH irudi 5. Tindikali hiyo itatoka na risasi nyingi kwenye maji machache. Igandishe kwa chokaa mpaka pH 9 au 10, ikusanye kwenye tope lako. Kila mzunguko kuvu hupungua nguvu na chenga hulainika, nami nisingeipeleka mbali baada ya mara ya tatu au ya nne. Fundi asiye na mtu wa kumsimamia kwenye tindikali aiache hatua hii, abadilishe kuvu tu. Masalia ya uyoga ni ya bure.

Tope na kuvu iliyochoka ni taka hatarishi chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, hivyo wasiliana na ofisi ya mazingira ya halmashauri au NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira, kujua nani ana kibali cha kuzichukua. Wanunuzi wa betri chakavu wakati mwingine huhitaji tope lenye risasi, lakini hakikisha wanaliyeyushia kwenye kiwanda chenye kibali, si kwenye karai uani. Mpaka zichukuliwe, zikaushe kivulini huku umevaa barakoa, zitie kwenye mfuko mzito wa plastiki, mfuko ndani ya ndoo yenye kifuniko, na uandike juu yake tarehe, uzito na kilichomo. Nguo za kazi zibaki karakanani, mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama, na mtoto wa fundi mara nyingi huipata kwenye shati la baba.